Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Inspekta Nabwire alisimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mwisho wa korido ya ghorofa ya tatu, akaangalia chini, kisha akarudi ndani upesi na kushika ukuta. Hapakuwa na ngazi. Hapakuwa na roshani, wala hata ubao wa kukanyaga. Mlango ulifunguka kwenye hewa tupu, na kule chini, kando ya mfereji wa maji, mtu alikuwa amemwaga majivu juu ya simiti kufunika damu.

"Mlango kama huu ni wa nani?" aliuliza Konstebo Keynan nyuma yake. "Wa malaika?"

Nabwire hakucheka. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, lakini tangu jana mlango huu ulikuwa umemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jana alfajiri mwanamke aliyeitwa Ayuma alianguka kutoka hapa akafa. Ndio kwanza alikuwa ameshuka basi la usiku kutoka Kakamega, alikokwenda kumzika shangazi yake. Majirani walimsikia akigombana na mumewe, Wakoli, kibarua wa kiwanda kimoja kule Industrial Area. Halafu wakasikia kishindo. Walipotoka walimkuta Wakoli amesimama hapa hapa mlangoni, mikono kichwani. Aliulizwa kama amemsukuma mkewe. Hakukubali, hakukataa. Mpaka sasa alikuwa ndani ya seli, anaangalia sakafu, hata maji hanywi. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike mahakamani kesho asubuhi, na shtaka liwe la mauaji.

"Afande, kesi si iko wazi?" alisema Keynan. "Majirani wote wamesema mlango huu haufunguliwi. Mwanamume amevunja kufuli, amemsukuma bibi yake. Kwisha."

"Hiyo kufuli iliyovunjwa iko wapi?"

Keynan alikuna shingo. "Hatukuiona."

Nabwire alipitisha kidole kwenye bawaba ya mlango. Kidole kilitoka cheusi. Alikinusa. "Grisi. Tena ni juzi tu imetiwa. Kwenu mnatia grisi mlango usiofunguliwa?"

"Kwetu Eastleigh hata unaofunguliwa hatutii."

"Na lile beseni?"

Beseni lilikuwa limekutwa chini ya marehemu, limepasuka, na ndani yake nguo za matangani na kipande cha sabuni. Keynan aliinua mabega. "Labda alikuwa anataka kufua."

"Mtu akigombana anashika kiuno, Keynan. Hashiki beseni. Ayuma alikuwa amemaliza kugombana. Alikuwa anaenda zake kufua."

"Kupitia hapa?"

Wote wawili waliangalia mfereji kule chini, walipochotea maji na kufulia wapangaji, na kamba za kuanika nguo zilizokuwa kando yake. Mtu wa ghorofa ya tatu aliyetaka kufika pale ilimbidi ashuke kwa ngazi ya mbele, atoke getini, azunguke ploti nzima ya nyumba za kupanga na kupita kwenye kichochoro cha maji machafu. Kama mlango huu ungekuwa na ngazi, angefika kabla sabuni haijamteleza mkononi.

Jirani wa karibu alikuwa Beldina, mama wa watoto wanne, mlango wake ukitazamana na wa Wakoli. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliwakaribisha, akafuta kiti kwa kanga, akakataa kukaa.

"Huo mlango haufunguliwi, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Haujawahi kufunguliwa."

"Pole kwa msiba, mama. Mlikuwa marafiki?"

"Rafiki? Ayuma alikuwa dadangu. Kila kitu ni pamoja. Kufua pamoja, kuanika pamoja, kusengenya pamoja."

"Mkienda kufua mlikuwa mnapitia wapi?"

Macho ya Beldina yalikimbilia nje koridoni, kwenye mlango wa nyuma, yakakaa hapo kidogo, yakarudi. "Mbele," alisema. "Tunazunguka."

"Na maji? Unapanda na ndoo ghorofa zote tatu kwa kuzunguka?"

"Sisi ni watu wa kuzoea, afande." Alianza kukunja kanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. "Ploti ikifungwa, mimi na hawa watoto tutaenda wapi? Utatuweka kwako?"

"Nani amesema ploti itafungwa?"

Beldina aliziba mdomo kwa kanga.

Waligonga mlango wa pili. Wesonga, mwanamume wa makamo aliyekuwa amevaa ovaroli, alisema, "Huo mlango haufunguliwi. Haujawahi kufunguliwa." Waliteremka ghorofa ya pili. Msichana mmoja aliyekuwa akisuka nywele alisema, bila kuinua kichwa, "Huo mlango haufunguliwi. Haujawahi kufunguliwa."

"Wamefanya mazoezi kama kwaya," Keynan alinong'ona kwenye ngazi.

"Na mimi nataka kumjua mwalimu wao," alisema Nabwire.

Muoki, keateka aliyeisimamia ploti kwa niaba ya mwenyewe, alikuwa akiwangoja mlangoni chini. Juu ya kichwa chake ilitundikwa leseni mpya ya kaunti, ndani ya fremu ya kioo, ikisema kwamba nyumba hii imekaguliwa na ni salama kwa wapangaji. Kando ya leseni palikuwa na kulabu tupu ukutani, na chini yake doa refu lenye rangi safi kuliko ukuta.

"Hapa palitundikwa nini?"

"Mtungi wa kuzimia moto, madam. Umepelekwa kujazwa."

"Moto ulitokea?"

"Hapana."

"Basi aliyeumaliza ni nani?"

Muoki alicheka kicheko cha mtu anayedaiwa. "Madam, ploti yetu iko safi. Kaunti wenyewe walikuja. Walipita kila mahali, wakaridhika, wakampa mwenye ploti, Bwana Maingi, leseni yake. Kuna ploti ngapi hapa Mowlem zimenyimwa?"

"Walipita pia mlango wa nyuma wa ghorofa ya tatu?"

"Kila mahali."

"Walipita wakaenda wapi, Muoki? Waliruka?"

Kicheko kilikauka. Muoki alitazama Keynan, akatazama geti, akasema labda walichungulia tu. Nabwire hakumbana zaidi. Alimwambia asitoke kwenye ploti, kisha akapita kichochoroni mpaka nyuma, akiruka maji machafu.

Alianza kwa kuangalia ardhi. Chini ya milango ya nyuma, pembeni mwa mfereji, palikuwa na viwanja viwili vidogo vya simiti mpya, kila kimoja na vyuma vifupi vimejitokeza, ncha zake zinang'aa. Aliinua macho ukutani. Mistari ya rangi ya kijani ilikuwa imekwaruzwa kwenye plasta, inapanda kimshazari mpaka mlango wa kwanza, inageuka, inapanda mpaka wa pili, inageuka tena mpaka wa tatu. Mlango wa kwanza ulikuwa na kufuli mpya. Wa pili pia. Wa tatu haukuwa na kitu.

Nabwire aliifuata mistari hiyo kwa kidole hewani, kutoka juu mpaka chini.

"Keynan," alisema polepole. "Mwanamke huyu hakusukumwa. Hapa palikuwa na ngazi."

"Afande, ngazi ya chuma haiyeyuki."

"Ndiyo maana tunaenda kuitafuta."

Nyuma ya ploti, mwanamke aliyeitwa Habon alikuwa na kibanda cha chai ya maziwa. Jana polisi walikuwa wamemhoji. Keynan alimsalimia kwa Kisomali, akamuuliza kama amewahi kuona ngazi ya kijani ukutani pale. Habon aliendelea kukoroga chai.

"Nimeiona. Ilikuja kabla ya watu wa kaunti. Wanawake waliipenda, walikuwa wanapanda na kushuka kama siafu. Halafu ikabebwa na mkokoteni. Walinivunjia kona ya kibanda, hakuna aliyesema pole."

"Mbona jana hukutuambia?" aliuliza Nabwire.

"Jana mliniuliza kama nilisikia kelele. Nikasema nilisikia kelele." Alielekeza kwa kidevu. "Ilienda kule. Ploti ya manjano, nyuma ya kanisa."

Hawakuhitaji kuuliza mara ya pili. Nyuma ya ile ploti ya manjano ilisimama ngazi ya chuma, ya kijani, vipande vitatu vimefungwa kwa bolti, inapanda mpaka juu. Na ilikuwa imejaa watu. Wasichana walikuwa wakishuka na ndoo, mwanamke mmoja amekaa kwenye kidato akichambua mboga, mtoto akiteleza kwa makalio kwenye mkono wa ngazi. Kwenye ukuta wa chini ulitundikwa mtungi mwekundu wa kuzimia moto, na juu yake, kwa rangi nyeupe, jina la ploti nyingine kabisa, ambayo haikuwa hii wala ya Maingi.

Msichana aliyejitambulisha kwa jina la Jacky aliweka ndoo chini apumzike. Nabwire alikuwa amevaa nguo za kiraia.

"Mna ngazi nzuri," alimwambia. "Ni ya lini?"

"Ya juzi tu, auntie. Tunaitumia haraka haraka kabla haijaenda."

"Inaenda wapi?"

"Kwani wewe ni mgeni hapa?" Jacky alicheka. "Hii ni ya kuzunguka. Si unajua kwenye matanga, mkikosa viti mnaazima? Ni hivyo tu. Ploti ikisikia kaunti wanakuja, makeateka wanaitana, ngazi inaletwa, mitungi inaletwa. Wakaguzi wakienda na leseni ikitoka, inaenda kwa mwingine. Sisi kwetu wanakuja Ijumaa."

"Na wapangaji mnanyamaza?"

"Tuseme nini? Ploti ikikosa leseni inafungwa. Tukifungiwa tutalala wapi, kanisani?" Alijifuta jasho. "Hii ilitoka kwa Maingi. Pale ambapo mwanamume amemuua bibi yake kwa kumsukuma..."

Aliangalia ngazi, akaangalia mlango ulio juu kabisa, ukiwa wazi, na pazia likipepea. Mkono wake ulienda polepole mpaka mdomoni.

"Auntie," alisema kwa sauti ndogo. "Yule mama alijua imeondolewa?"

Nabwire alitoa kitambulisho cha polisi, akamgeukia Keynan. "Kaa hapa. Ngazi hii isifunguliwe bolti hata moja. Aje keateka, aje mwenye ploti, aje nani. Ikiondoka leo, kesho tutaokota mwingine."

Alimkuta Muoki palepale alipomwacha. Safari hii Nabwire hakuzunguka.

"Nimeiona ngazi."

Muoki aliketi kwenye kidato cha mlango. "Kaunti walitaka kuona ngazi, madam," alisema. "Waliiona. Wakaipanda. Leseni haikusema lazima ikae."

"Nani alitoa amri iondolewe?"

"Mwenye ploti. Maingi mwenyewe alinipigia. Alisema wenzetu wanaingoja."

"Kufuli za milango?"

"Nilikuwa na mbili. Ya tatu nilikuwa niende kununua."

"Ulikuwa uende kununua." Nabwire alirudia maneno hayo, naye mwenyewe akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Ukawafundisha wapangaji wote waseme mlango haujawahi kufunguliwa. Kama hakukuwahi kuwa na ngazi, basi Ayuma alijua hakuna ngazi. Na kama alijua, basi amesukumwa. Umemfunga mtu kamba shingoni, Muoki, ili fremu yako isitoke ukutani."

"Sikumtaja Wakoli, madam. Hakuna aliyemtaja. Mlimshika wenyewe."

"Na yeye anajua ngazi iliondolewa. Mbona hasemi?"

Muoki aliinua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuonekana kama mtu anayetafuta mahali pa kupitia.

"Hajakuambia? Madam, mimi sina spana. Aliyefungua zile bolti ni Wakoli."

Nabwire alishika ukuta chini ya ile leseni. Mtu alipita akamsalimia, hakumsikia.

Kituoni, kwenye benchi la nje, alikuwa ameketi mwanamke mzee amejifunika leso kichwani. Alikuwa mama yake Ayuma, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kakamega. Hakuwa amekula. Alimwambia Nabwire kitu kimoja tu. "Niambieni amekufaje. Nikijua nitamzika."

Wakoli aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Nabwire alifunga mlango.

"Nimeiona ngazi, na nimeongea na Muoki," alisema. "Kesho unapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Ninaweza kulizuia hilo, lakini mpaka wewe useme. Bila maneno yako, ploti nzima itaapa hakukuwa na ngazi."

Simu ililia katika chumba cha pili, ikakatika. Kisha Wakoli alisema, kwa sauti iliyokuwa imekauka, "Tuliifungua akiwa kwao."

"Ulimwambia?"

"Simu yake ilikuwa imezima. Kule matangani hakuna stima ya kuichaji."

"Hakukuwa na simu nyingine?"

"Ya mama yake."

"Ukapiga?"

Wakoli alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Afande, wewe ni mtu wa kwetu, mila unazijua. Mama mkwe? Mimi sijawahi hata kumpa mkono. Akija kwangu ninatoka nje. Salamu zangu huwa namtumia kupitia mtu. Nimpigie simu, nimwambie habari za mlango? Nilisema akifika nitamwambia. Si ni kesho tu."

"Akafika."

"Akafika na maneno. Kwamba sikuenda kumzika shangazi yake, nimemwaibisha mbele ya ukoo. Na ni kweli sikwenda, kwa sababu ya hiyo kazi ya ngazi. Nikamjibu vibaya. Akanijibu. Nikanuna, nikageukia ukuta. Nikasikia anachukua beseni. Nikasikia mlango wa nyuma." Alifunga macho. "Nilikuwa bado natafuta neno la kumrudishia."

Nabwire aliangalia kalamu yake. Haikuwa imeandika kitu.

"Wewe hukumuua, Wakoli."

"Andika nilimsukuma."

"Nini?"

"Andika hivyo. Hasira kila mtu anaijua. Huyo mama akiambiwa nilimsukuma mtoto wake kwa hasira, atanilaani, atarudi nyumbani. Lakini aambiwe kwamba nilitoa ngazi kwa mikono yangu, nikaona haya kumpigia yeye simu..."

"Ploti ya manjano, nyuma ya kanisa," alisema Nabwire. "Nimetoka huko. Mlango wa juu uko wazi, na watoto wanacheza pale. Ngazi itaondoka Ijumaa ikishakaguliwa. Nikiandika ulimsukuma, hakuna atakayewafunga mikono akina Maingi. Wewe utakuwa jela, na ngazi itaendelea kutembea. Sasa niambie nini niandike."

Wakoli alilia bila sauti, mabega tu yakicheza. Alipotulia aliuliza kama mama yuko nje.

"Yuko."

"Basi asisikie kwako. Wala asisikie kortini. Nitamwambia mwenyewe."

Nabwire alifanya kama ambavyo wangefanya nyumbani. Alimwingiza yule mama ofisini, akampa kiti kinachotazama ukuta. Mama alivuta leso ikamfunika uso. Wakoli alisimamishwa nje ya mlango, kwenye korido, mgongo wake ukiwa kwa mama mkwe. Mlango uliachwa wazi kati yao. Naye akasema yote, kuanzia spana mpaka beseni, bila kujipunguzia kitu.

Alipomaliza, polisi wa zamu kwenye kaunta alikuwa ameacha kuandika. Mama hakulia.

"Simu yangu," mama alisema, "nilikuwa nayo mkononi siku zote za matanga. Watu walikuwa wanapiga kutoa pole. Nilikuwa nashika simu ya kila mtu, hata ya nisiowajua."

Aliondoa leso usoni. Alisimama, akageuka, akamtazama mkwe wake moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mahari. Wakoli alihisi macho hayo kisogoni, naye akageuka.

"Ungepiga, mkwe wangu," alisema mama. "Ningeshika."

Alipita katikati yao akatoka nje, akarudi kwenye benchi lake.

Wakoli alibaki ameegemea ukuta. Nabwire alimsaidia kuketi, akaweka karatasi mezani, akamuuliza kama anaweza kuendelea au wangoje.

"Andika, afande," alisema.

Nabwire alimtaka ataje kila aliyeshika ile ngazi siku ilipofunguliwa. Wakoli alivuta pumzi, akaanza kuyataja majina moja moja. Alianza na lake.